Mizengo Pinda: Kutoka Uwakili wa Serikali hadi Meza ya Maamuzi ya Ulinzi na Usalama wa Taifa

Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga

MIZENGO Kayanza Peter Pinda aliiongoza Ofisi ya Waziri Mkuu wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania kuanzia Februari 9, 2008 hadi Novemba 2015. Wananchi wengi wanamkumbuka kwa jina la "Mtoto wa Mkulima" na kwa msisitizo wake katika kilimo. Upande mwingine wa utumishi wake hautajwi mara nyingi: ni mwanasheria aliyeanza kazi kama Wakili wa Serikali, akatumika Ikulu kwa miaka mingi, akawa karani wa Baraza la Mawaziri, na hatimaye akaketi katika meza ambayo masuala ya ulinzi na usalama wa nchi hujadiliwa na kutolewa maelezo mbele ya Bunge.

Pinda hakuwahi kuwa Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa, wala hakuwahi kushika amri ya kijeshi. Pamoja na hayo, historia ya utumishi wake inamsaidia mwananchi kuelewa jinsi nchi hii inavyosimamia nguvu za dola. Katika mfumo wa Tanzania, silaha hukaa chini ya sheria, na sheria husimamiwa na raia wanaowajibika kwa wananchi kupitia Bunge. Makala hii inaeleza safari hiyo, mafanikio yake na nyakati zake ngumu.

Mkoa wa mpakani

Pinda alizaliwa mwaka 1948, na kwao ni Kijiji cha Kibaoni, katika eneo lililokuwa sehemu ya Wilaya ya Mpanda. Mkoa wa Rukwa ulianzishwa mwaka 1974 kwa kuunganisha Sumbawanga, iliyokuwa chini ya Mkoa wa Mbeya, na Mpanda, iliyokuwa chini ya Mkoa wa Tabora. Kuanzia mwaka huo hadi mwaka 2012, Mpanda ilipotengwa na kuwa Mkoa wa Katavi, makao makuu ya mkoa kwa wakazi wa pande zote mbili yalikuwa mjini Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa.

Kwa wakazi wa ukanda huu, neno usalama lina maana ya karibu sana. Upande wa kusini Rukwa inapakana na Zambia, na upande wa magharibi Ziwa Tanganyika linaitenganisha na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kasanga, bandari iliyo kusini mwa ziwa hilo, ilikuwa ngome ya Wajerumani iliyoitwa Bismarckburg. Mwaka 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ngome hiyo ilitwaliwa na majeshi ya Uingereza. Vita hivyo vilifikia tamati yake katika Afrika Mashariki jirani kabisa na hapa, pale Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck aliposalimisha majeshi yake Novemba 25, 1918 katika mji wa Abercorn, ambao leo ni Mbala nchini Zambia.

Baada ya uhuru, ukanda huu ulipokea watu waliokimbia machafuko katika nchi jirani. Makazi ya Katumba na Mishamo, katika Wilaya ya Mpanda ya wakati huo, yalianzishwa kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Miongo kadhaa baadaye, Serikali iliamua kuwapa uraia zaidi ya watu 160,000 wa kundi hilo, uamuzi uliotekelezwa wakati Pinda akiwa katika ngazi za juu za uongozi. Hivyo, kabla ya kufika Dodoma kama kiongozi, alikuwa ametoka katika eneo ambalo mpaka, uraia na amani ya majirani ni mambo ya maisha ya kila siku.

Miaka ya majalada

Mwaka 1974, mwaka uleule ambao Mkoa wa Rukwa ulianzishwa, Pinda alihitimu Shahada ya Sheria katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kitivo cha Sheria kilikuwa cha kwanza kabisa kuanzishwa chuoni hapo, mwaka 1961, kwa kuwa Taifa jipya lilihitaji haraka wanasheria wake lenyewe wa kuandika sheria, kuendesha mashauri na kuishauri Serikali.

Kuanzia mwaka 1974 hadi 1978, Pinda alikuwa Wakili wa Serikali katika Wizara ya Sheria. Kazi ya wakili wa Serikali haina umaarufu. Ni kazi ya kusoma jalada kwa makini, kupima kama ushahidi unatosha, na kuiambia mamlaka jambo ambalo pengine haitaki kulisikia, kwamba sheria hairuhusu. Anayeizoea kazi hiyo hujifunza kwamba kila uamuzi wa dola lazima uwe na kifungu cha sheria kinachouruhusu, na lazima uandikwe mahali ambapo mwingine anaweza kuusoma.

Mwaka 1978 alihamia Ikulu. Ulikuwa mwaka ambao majeshi ya Idi Amin yalivamia eneo la Kagera na Tanzania ikaingia vitani. Kuanzia mwaka 1982 hadi 1992 alikuwa Katibu Msaidizi wa Rais, akitumikia mwanzo chini ya Mwalimu Julius Nyerere, na kisha chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi aliyeshika madaraka Novemba 1985. Baadaye, kati ya mwaka 1996 na 2000, katika awamu ya Rais Benjamin Mkapa, alikuwa karani wa Baraza la Mawaziri.

Nafasi hiyo ya mwisho inahitaji maelezo. Baraza la Mawaziri ndicho chombo kikuu cha kumshauri Rais. Nyaraka zinazowasilishwa humo huandaliwa kwa utaratibu maalumu, majadiliano yake ni ya siri, na maamuzi yake hupelekwa kwa watekelezaji kwa maandishi. Anayetunza kumbukumbu za Baraza haamui chochote, lakini huona jinsi kila jambo zito linavyoingia likiwa pendekezo na kutoka likiwa uamuzi. Masuala ya ulinzi hupita katika njia hiyohiyo. Pinda alifika katika siasa za ushindani akiwa ameyaona hayo kwa zaidi ya miaka 20.

Sheria inasemaje kuhusu amri ya jeshi

Ili kuelewa nafasi ya kiongozi wa kiraia katika ulinzi, ni vyema kurejea katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977. Ibara ya 33 inamtaja Rais kuwa Mkuu wa Nchi, Kiongozi wa Serikali na Amiri Jeshi Mkuu. Ibara ya 147 inapiga marufuku mtu yeyote au chama chochote, isipokuwa Serikali, kuunda au kuweka jeshi la aina yoyote. Ibara hiyohiyo inakataza askari kujiunga na vyama vya siasa. Ibara ya 148 inaeleza madaraka ya Amiri Jeshi Mkuu.

Misingi hiyo ilitokana na funzo la historia. Januari 20, 1964, askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, jijini Dar es Salaam. Jeshi hilo lilivunjwa, na Septemba 1, 1964 likaanzishwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Sheria ya Ulinzi wa Taifa ilifuata mwaka 1966. Tangu wakati huo, utii wa jeshi kwa mamlaka ya kiraia umekuwa nguzo ya utulivu wa nchi.

Waziri Mkuu hayumo katika mnyororo wa amri ya kijeshi. Hata hivyo, Ibara ya 52 inampa jukumu la udhibiti, usimamiaji na utekelezaji wa siku hadi siku wa kazi za Serikali, na inamfanya kuwa Kiongozi wa Shughuli za Serikali Bungeni. Nafasi hiyo inaonekana waziwazi katika Ibara ya 44 inayohusu kutangaza vita. Rais akishatangaza hali ya vita, nakala ya tangazo hupelekwa kwa Spika. Spika, baada ya kushauriana na Kiongozi wa Shughuli za Serikali Bungeni, huitisha mkutano wa Bunge ndani ya siku 14 ili Wabunge walitafakari tangazo hilo na kuamua kama wanaliunga mkono. Kwa maneno mengine, hata katika saa ya hatari kubwa kuliko zote, Katiba inataka uamuzi ufikishwe mbele ya wawakilishi wa wananchi, na Waziri Mkuu ndiye kiungo.

Kamati za ulinzi na usalama

Mwaka 2000 Pinda alichaguliwa kuwa Mbunge wa Mpanda Mashariki na kuteuliwa kuwa Naibu Waziri katika ofisi inayosimamia Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, inayojulikana kwa wengi kama TAMISEMI. Mwaka 2006 aliteuliwa kuwa Waziri wa Nchi katika ofisi hiyohiyo, nafasi aliyoishika hadi Februari 2008.

Kwa mtazamo wa haraka, TAMISEMI ni ofisi ya shule, zahanati na halmashauri. Lakini pia ndiyo ofisi inayoratibu utawala wa mikoa na wilaya, na ni katika ngazi hizo ndipo mwananchi wa kawaida hukutana na mfumo wa ulinzi wa nchi. Mkuu wa Mkoa ndiye Mwenyekiti wa Kamati ya Ulinzi na Usalama ya Mkoa, na Mkuu wa Wilaya huongoza kamati ya wilaya. Wakuu wa vyombo vya ulinzi na usalama huketi katika kamati hizo chini ya uenyekiti wa kiongozi wa kiraia. Mgogoro wa wakulima na wafugaji katika Bonde la Rukwa, uhalifu ziwani, wahamiaji wanaovuka mpaka bila kibali, na mafunzo ya mgambo vijijini ni mambo yanayofikishwa katika kamati hizo.

Sheria ya Baraza la Usalama la Taifa ya mwaka 2010 iliupa mfumo huo msingi wa kisheria kuanzia ngazi ya Taifa hadi wilaya. Ilipopitishwa, Pinda alikuwa tayari Waziri Mkuu na msimamizi wa shughuli za Serikali bungeni.

Waziri Mkuu katika kipindi cha majaribu

Pinda aliteuliwa na Rais Jakaya Kikwete baada ya Waziri Mkuu Edward Lowassa kujiuzulu Februari 7, 2008 kufuatia sakata la mkataba wa umeme wa Richmond. Bunge lilimthibitisha na akaapishwa Februari 9. Wiki chache baadaye, Machi 2008, wanajeshi wa Tanzania walishiriki operesheni ya Umoja wa Afrika katika kisiwa cha Anjouan nchini Komoro, iliyomwondoa madarakani Mohamed Bacar aliyekuwa amekaidi mamlaka ya Muungano wa visiwa hivyo.

Aprili 29, 2009, ghala la silaha la jeshi lililipuka Mbagala, Dar es Salaam. Februari 16, 2011, milipuko mingine ilitokea Gongo la Mboto. Watu walipoteza maisha, nyumba ziliharibiwa na watoto walipotezana na wazazi wao. Matukio hayo yalidhihirisha namna jambo la kijeshi linavyogeuka ghafla kuwa la kiraia. Uratibu wa maafa upo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, na hivyo kazi ya kuwahifadhi waathirika, kutathmini hasara na kusimamia mafao iliangukia ofisi ya raia. Kwa familia iliyopoteza nyumba, tathmini iliyoandikwa vizuri ina uzito sawa na hema la kujisitiri.

Mwaka 2013 ulikuwa mzito zaidi. Machi 28, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio namba 2098 lililounda brigedi maalumu ya kukabiliana na waasi mashariki mwa Kongo. Tanzania, Afrika Kusini na Malawi zilipeleka vikosi, na brigedi hiyo iliongozwa na Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania. Kundi la M23 lilishindwa Novemba mwaka huo. Julai 13, 2013, askari saba wa Tanzania waliokuwa katika ulinzi wa amani Darfur waliuawa katika shambulizi la kushtukiza. Mwaka huohuo, mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria, yaliyokuwa yamesitishwa mwaka 1994, yalirejeshwa.

Katika kipindi hichohicho ulifufuka mgogoro wa mpaka kati ya Tanzania na Malawi katika Ziwa Nyasa, unaotokana na tafsiri ya mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa Julai 1, 1890. Malawi inadai ziwa lote la upande huo, na Tanzania inashikilia kwamba mpaka unapita katikati ya maji. Shauri hilo lilipelekwa kwa wasuluhishi, wakiwa viongozi wastaafu wa Afrika chini ya Joaquim Chissano. Kwa wakazi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, ambao nao huvua katika maji yenye mpaka usioonekana kwa macho, hilo lilikuwa somo muhimu: mpaka hulindwa kwanza kwa hoja na ramani.

Kauli zilizozua mjadala wa kisheria

Historia ya kiongozi haikamiliki bila kutaja nyakati ambazo maneno yake yalipimwa. Kwa Pinda, nyakati mbili zinagusa moja kwa moja uhusiano wa sheria na nguvu.

Ya kwanza ni ya Januari 2009. Nchi ilikuwa katika majonzi kutokana na mauaji ya watu wenye ualbino, unyama uliotokana na imani za kishirikina na ambao Mkoa wa Rukwa nao haukusalimika nao. Akiwa ziarani, Waziri Mkuu alitoa kauli iliyotafsiriwa kwamba wanaowaua watu hao wauawe papo hapo. Kauli hiyo iliibua maswali bungeni: je, Waziri Mkuu, tena mwanasheria, anaweza kuwaruhusu wananchi kujichukulia sheria mkononi? Pinda alitoa maelezo yake bungeni huku akitokwa na machozi, akieleza uchungu aliokuwa nao kutokana na aliyoyaona.

Ya pili ni ya Juni 2013. Akijibu swali bungeni kuhusu askari wa polisi na wanaokaidi amri, alitoa kauli iliyoeleweka kuwa inaruhusu watu hao kupigwa. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na Chama cha Wanasheria Tanganyika vilifungua shauri katika Mahakama Kuu kupinga kauli hiyo. Mwaka 2014 Mahakama ililitupa shauri hilo.

Wapo wanaoona kauli hizo kuwa hasira ya kibinadamu ya kiongozi aliyechoshwa na uhalifu. Wapo wanaoziona kuwa hatari, kwa sababu neno la mwenye mamlaka huwa amri masikioni mwa askari na kibali masikioni mwa umati. Lililo dhahiri ni kwamba katika matukio yote mawili kiongozi aliulizwa, na aliulizwa katika vyombo halali. Bunge lilihoji, wanasheria wakaenda mahakamani, na Mahakama ikatoa uamuzi wake. Hiyo ndiyo njia ambayo Katiba inaielekeza.

Operesheni Tokomeza na uwajibikaji

Tukio linaloeleza zaidi nafasi ya raia katika kusimamia vyombo vya dola lilitokea mwishoni mwa mwaka 2013. Oktoba mwaka huo, Serikali ilianzisha Operesheni Tokomeza kupambana na ujangili uliokuwa ukimaliza tembo. Wanajeshi, polisi na askari wa wanyamapori walishirikishwa. Lengo lake liliungwa mkono na wengi. Katika maeneo yaliyo jirani na hifadhi, ikiwamo Hifadhi ya Taifa ya Katavi iliyo nyumbani kwa Waziri Mkuu mwenyewe, madhara ya ujangili yalifahamika vyema.

Hata hivyo, muda mfupi baada ya kuanza, taarifa za wananchi kuteswa, kuporwa mali, kuuawa kwa mifugo na hata vifo vya watu zilifika bungeni. Operesheni ilisitishwa mwanzoni mwa Novemba. Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Ardhi, Maliasili na Mazingira, chini ya Mwenyekiti wake James Lembeli, ilichunguza na kuwasilisha taarifa bungeni Desemba 20, 2013. Wabunge wa vyama vyote walizungumza kwa uchungu.

Rais Kikwete alikuwa nje ya nchi kwa matibabu. Usiku wa siku hiyo, Waziri Mkuu Pinda alisimama bungeni na kueleza kwamba amewasiliana na Rais, na kwamba mawaziri wanne wanaachia nafasi zao: Shamsi Vuai Nahodha wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa, Dkt. Emmanuel Nchimbi wa Mambo ya Ndani ya Nchi, Balozi Khamis Kagasheki wa Maliasili na Utalii, na Dkt. Mathayo David wa Maendeleo ya Mifugo na Uvuvi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyetajwa kuwa alimpiga au kumuua mtu. Waliwajibika kisiasa kwa yaliyotendwa na watendaji waliokuwa chini ya wizara zao. Mwaka uliofuata Rais aliunda Tume ya Uchunguzi iliyoongozwa na Jaji mstaafu Hamisi Msumi ili kuangalia kwa kina ukiukwaji uliodaiwa.

Tukio hilo lina uzito wa pekee. Waziri mwenye dhamana ya ulinzi aliachia ngazi kutokana na hoja za Wabunge, mbele ya vyombo vya habari, na jeshi likaendelea na kazi zake kwa utii uleule. Katika nchi nyingi za bara letu, jambo kama hilo lingeleta hofu ya mapinduzi. Hapa lilikuwa tangazo lililosomwa bungeni na mwanasheria.

Wanasheria wengine katika nafasi za ulinzi

Njia aliyopita Pinda ina mifano mingine. Jaji Joseph Sinde Warioba alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Waziri wa Sheria kabla ya kuwa Waziri Mkuu kati ya mwaka 1985 na 1990. Nchini Kenya, Balozi Raychelle Omamo, wakili aliyekuwa mwanamke wa kwanza kukiongoza Chama cha Wanasheria cha nchi hiyo, alikuwa Waziri wa Ulinzi kuanzia mwaka 2013 hadi 2020, kipindi ambacho majeshi ya Kenya yalikuwa vitani nchini Somalia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 239, inatamka wazi kwamba vyombo vya usalama wa taifa viko chini ya mamlaka ya kiraia.

Si lazima msimamizi wa ulinzi awe mwanasheria. Dkt. Stergomena Tax, aliyekuwa mwanamke wa kwanza kuongoza Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa nchini mwaka 2021, alitokea katika fani ya uchumi na utumishi wa kimataifa. Lililo muhimu ni kwamba anayesimamia nguvu za dola awe na mazoea ya kuuliza swali la wakili: kifungu kipi kinaruhusu hili, na nani atajibu likienda vibaya?

Baada ya mwaka 2015

Mwaka 2010 Pinda alirejea bungeni kupitia Jimbo la Katavi na kuteuliwa tena kuwa Waziri Mkuu. Mwaka 2015 alikuwa miongoni mwa wanachama wa Chama Cha Mapinduzi walioomba kuteuliwa kugombea urais, nafasi iliyokwenda kwa Dkt. John Magufuli. Novemba mwaka huo Kassim Majaliwa aliapishwa kuwa Waziri Mkuu. Pinda alirejea katika kilimo na ufugaji, na baadaye aliteuliwa kuwa Mkuu wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chuo kinachowafikia wanafunzi walio mbali na miji mikubwa.

Kwa mkazi wa Sumbawanga, Kalambo au Nkasi, funzo la historia hii ni la vitendo. Ulinzi wa nchi hauanzii kambini pekee. Unaanzia katika taarifa anayotoa mwananchi kwa mtendaji wa kijiji kuhusu mgeni asiyefahamika, katika kikao cha kamati ya wilaya, na katika jalada linaloandaliwa kwa haki. Aidha, mwananchi aliyetendewa isivyo halali na mtumishi wa chombo chochote cha dola anayo njia ya kufuata: kwa Mkuu wa Wilaya, kwa Mbunge wake, mahakamani, au katika Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora iliyoanzishwa chini ya Ibara ya 129 ya Katiba. Malalamiko yaliyoandikwa, yenye tarehe, mahali na majina ya mashahidi, yana nguvu kuliko manung'uniko. Yaliyowasilishwa dhidi ya Operesheni Tokomeza yalianzia vijijini, yakafika bungeni, na yakaondoa mawaziri wanne.